Mkufunzi Aliyekataa Kukandwa

Siku alipozikwa nilikaa katika safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, nikawasikiliza watu wazima wakisema mambo ambayo hayakutokea. Mmoja alisema mikono ya marehemu ilimwinua kiwete akatembea. Mwingine alisema alikuwa akimgusa mtu begani tu na kuutambua ugonjwa wake. Wa tatu, ambaye nina hakika hakuwahi kukanyaga kizingiti chake, alisema alikuwa na kipawa alichorithi kwa nyanya yake. Sikusimama kuwasahihisha, kwa kuwa mazishi si darasa. Nilirudi nyumbani Njoro nikachukua daftari.

Nitaandika niliyoyaona mwenyewe na niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Alikozaliwa na ukoo wake sitavigusa. Hakuwahi kuniambia, nami sikumuuliza. Wanafunzi wake walimwita Madam. Mimi nilimwita Mwalimu, naye akaniita Mwalimu, kwani nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu. Hapa nitamwita Mkufunzi, ili walimu wawili wasichanganywe.

Kazi yake ilikuwa kukanda watu na kuwafundisha wengine kukanda. Alikuwa amefanya kazi ya fiziotherapia hospitalini kwa miaka mingi, na alipostaafu akakodi vyumba viwili katika mtaa wa Free Area, nyuma ya kinu cha posho. Kinu kilipowashwa vikombe vilitetemeka kabatini, na vumbi la unga liliingia hata dirisha likiwa limefungwa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha wagonjwa. Cha pili kilikuwa na meza tatu za kukandia, ubao, na mifupa ya bandia ya binadamu iliyokosa mkono wa kushoto. Kozi yake ilichukua mwaka mmoja. Mjini, wakati huohuo, kulikuwa na kozi za wiki mbili.

Mimi nilifikishwa kwake na mgongo. Daktari alikuwa ameniambia kwamba mifupa haina kasoro, bali misuli imekaza, na kwamba mkandaji aliyesomea kazi angenisaidia. Nilitarajia kulala mezani. Badala yake alivuta kiti, akafungua daftari, akaanza kuniuliza maswali. Ninalala upande gani. Nilianguka lini mara ya mwisho. Miguu hufa ganzi au haifi. Ninameza dawa gani.

"Ya presha," nilisema. "Mara nyingine."

"Mara nyingine ni lini, Mwalimu?"

"Ninapokumbuka."

Akafunga daftari. "Basi leo sikugusi. Nenda ukapimwe presha, uniletee karatasi."

"Nimetoka Njoro."

"Na utarudi Njoro mzima."

Nilikuwa na hasira mpaka nilipofika stendi. Baada ya hapo nilianza kumheshimu. Katika maisha yangu nimekutana na watu wachache sana walioweza kumrudisha mteja aliyekwisha kuvua koti. Nilipopimwa, presha ilikuwa juu kiasi cha kumfanya muuguzi anipime tena. Karatasi ile nilimpelekea baada ya wiki tatu za kumeza dawa kila siku, na hapo ndipo mikono yake iliponigusa kwa mara ya kwanza.

Mikono yenyewe haikuwa laini, kama walivyosema mazishini. Ilikuwa mipana, yenye vidole gumba vinene vilivyopinda kidogo kwa nje kutokana na kazi. Hakuvaa pete wala saa. Hakujipaka manukato, kwa kuwa, alisema, mgonjwa amekuja kupumzika, si kunusa mtu. Kila Jumatatu asubuhi wanafunzi walisimama mstari mmoja na kunyoosha vidole mbele kama watoto wa chekechea, naye akapita akivikagua. Kikata kucha kilifungwa kwa kamba mlangoni, na aliyekutwa na kucha ndefu alikitumia papo hapo, wenzake wakimtazama. Msichana mmoja aliyekuwa ametengenezewa kucha za rangi saluni siku iliyotangulia alilia. Mkufunzi alimngoja amalize kulia, kisha akamwonyesha kikata kucha.

Aliamini katika shuka kuliko mafuta. Mgonjwa alifunikwa mwili wote, ikafunuliwa sehemu inayokandwa peke yake, na ilipomalizika ikafunikwa tena kabla ya nyingine kufunuliwa. "Mwili wa mtu unasomwa ukurasa mmoja mmoja," aliwaambia. Mwanafunzi akikosea kukunja shuka, alianza upya, hata mara kumi. Muhula wa kwanza mzima hawakukanda mtu. Walikunja shuka, walinawa mikono, walijifunza mifupa na misuli, na walijifunza kuuliza maswali. Wapo waliochoka na kuondoka. Hakumfuata hata mmoja.

Naye alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliwakataza wagonjwa sukari, lakini chai yake aliitia vijiko vinne, na ukimtazama alitia cha tano. Alitufundisha sote namna ya kukaa wima, naye akakaa amejikunja kwenye kiti kilichokosa msumari upande mmoja. Alichukia porojo, ila kila alichosema mwenye kinu kupitia dirishani alikisikiliza hadi mwisho. Kubwa zaidi, hakukubali kukandwa. Wanafunzi walimwomba mara nyingi. Jioni alionekana akijishika kiuno. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Mtu akinikanda nitamsahihisha," alijibu. "Hatapumzika yeye, sitapumzika mimi. Wacha tu."

Mjukuu wangu Wairimu, ambaye mimi na marehemu mke wangu tulimlea tangu akiwa na miaka miwili, alitangaza mezani siku moja kwamba anataka kuwa mkandaji. Alikuwa na miaka ishirini. Sitaficha kwamba nilitua kijiko. Nilikuwa nimesikia yanayosemwa kuhusu nyumba za masaji, na kwa mara moja nilifanya lile ninalowakemea wengine: nilihukumu kwa uvumi.

"Guka, si wewe mwenyewe unakandwa kila mwezi?" aliniuliza.

Nilimwambia tutaichunguza kazi hiyo kama inavyostahili kuchunguzwa.

Jambo lililokuwa kwenye mizani ni hili. Rafiki yake aliyefanya kazi katika hoteli moja kando ya Ziwa Naivasha alikuwa amemwombea nafasi. Msimamizi wa huko alikubali kumngoja hadi mwisho wa mwezi, mradi aje na satifiketi ya kukanda. Kozi ya wiki mbili ingemfikisha. Ya mwaka ingemnyima nafasi hiyo kabisa. Nafasi za namna hiyo si nyingi kwa msichana aliyetoka kidato cha nne, na yeye alikuwa amekwisha kukaa nyumbani miaka miwili akitafuta kazi. Aliitaka, na sikumlaumu.

Tulianza na ile ya mjini. Ilikuwa ghorofani, na mlangoni palikuwa na picha ya mzungu aliyelazwa na mawe meusi mgongoni. Kijana mwenye tai alitupokea vizuri.

"Karibu, mzee. Huyu akimaliza hapa, hoteli zote zitamng'ang'ania."

"Atakanda watu wangapi kabla ya kupewa satifiketi?" nilimuuliza.

"Practical iko ya kutosha, mzee."

"Ya kutosha ni wangapi?"

"Inategemea na mwanafunzi. Mwenye bidii anaeza hata watatu."

"Na mifupa na misuli anafundishwa na nani?"

"Hiyo iko kwa video. Tunamtumia kwa simu, anajisomea akiwa kwake bila presha."

"Akimwumiza mtu?"

Kijana alicheka kwa adabu. "Mzee, ni mafuta tu na mikono. Mtu ataumia aje?"

Kwenye ngazi Wairimu alisema, "Guka, anaongea kama anauza simu. Lakini hiyo karatasi yake ndiyo hoteli inataka."

Tukaenda Free Area. Nilitazamia Mkufunzi aisifu kozi yake, kwa kuwa kila mfanyabiashara husifu yake. Aliketi kwenye kiti chake kibovu akatusikiliza, kisha akasema, "Mimi usiniulize. Mwenye duka hawezi kukuambia unga wake una wadudu." Akachana karatasi, akaandika majina matatu ya watu waliosoma kwake. "Waulize hawa. Wa tatu nilimfelisha."

Nilienda kwa wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa sijui namna nyingine ya kujua jambo. Wawili wa kwanza walikuwa na kazi na waliyasema mazuri, ambayo hayakunishawishi sana. Wa tatu nilimpata Gilgil akiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la kilimo. Nilimuuliza waziwazi kama alionewa.

"Alinifelisha mara mbili," alisema huku akimpimia mteja dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Nilikuwa na haraka na mikono. Mara ya pili nilimkanda mama mmoja mahali alikuwa na uvimbe, sikuuliza kitu. Nilitoka pale nikimchukia Madam. Siku hizi mtu akikuja hapa kuuliza dawa, namuuliza ng'ombe amekula nini, amelala aje, ana mimba ama hana. Hiyo tabia sikuipata kwa hii duka, mzee."

Nilimweleza Wairimu maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza langu. Alikaa siku mbili. Kisha akampigia rafiki yake wa Naivasha akamwambia nafasi ile wampe mwingine. Alipokata simu alienda nje kulisha kuku waliokuwa wamekwisha kulishwa.

Kuna jambo moja katika ufundishaji wa Mkufunzi ambalo nisingeliamini kama nisingelishuhudia. Mara moja kwa mwaka aliwapeleka wanafunzi Kikopey, mahali ambapo wasafiri wote wa barabara kuu husimama kula nyama choma. Mwaka wa Wairimu niliambatana nao. Mkufunzi alikuwa na mapatano na mchinjaji mmoja: mbuzi mzima aliyekwisha chunwa aliangikwa kwenye ndoano, na hakukatwa kipande kwanza. Wanafunzi saba wakamzunguka na daftari zao.

"Wairimu, msuli huu unaanzia wapi na unashikia wapi?"

"Unaanzia kwa bega, Madam, unashikia… hapa mbavuni."

"Hapa wapi? Mbavu ziko nyingi. Weka kidole."

Akaweka kidole. Mkufunzi alimtaka auvute msuli aone mfupa ukifuata, kisha aukate kwa kufuata uzi wake, kisha mwingine aukate kwa kuupinga uzi, waone tofauti. Mchinjaji alisimama kando amekunja mikono.

"Mathe, hawa si wa kununua nyama," alimwambia Mkufunzi, "hawa ni wa kuifanyia postmotamu."

"Wakimaliza watanunua. Wewe noa kisu."

Hapana aliyeruhusiwa kuonja hata kipande kabla ya kutaja misuli kumi na miwili. Moshi wa nyama za wenzetu ulitupitia usoni. Madereva wa malori walikuja kutazama, na mmoja alijifunza mitatu kwa kusikiliza tu. Nilikula saa tisa alasiri, na tangu siku hiyo siwezi kula mguu wa mbuzi bila kuona unakoanzia.

Nafika sasa kwenye ugomvi wetu, ambao sina budi kuueleza kwa kuwa mimi ndiye niliyekosea.

Alikuwa na kanuni moja aliyowaapisha nayo wanafunzi. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto, na shavu la mguu likauma, mkandaji aondoe mikono. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kukanda kunaweza kulisukuma donge hilo hadi kwenye mapafu, mtu akafa. Asikande kidogo. Asipake mafuta. Ampeleke hospitali. Waliikariri kila wiki kama sala.

Kwenye mtihani wa mwisho, Mkufunzi alimleta mama mmoja mzee wa kanisani kwao, mwanamke mwenye sauti na kilemba, awe mgonjwa. Alikuwa amemfunza la kusema. Mama yule alilala, akajibu maswali, akataja kwamba mguu wa kulia umekuwa na joto na kumwuma tangu juzi. Wairimu akasita, akasema afadhali waende hospitali kwanza. Mama akainua kichwa. "Hospitali ya nini? Mimi ni mkubwa kwa mama yako. Kanda tu, mtoto wangu." Wairimu akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi. Mama akakaza macho. Na mjukuu wangu, aliyeijua kanuni ile kuliko wenzake wote, akasema, "Sawa, Cucu," kama anayemjibu nyanya yake, akamimina mafuta kiganjani.

Mkufunzi alimzuia kabla hajagusa. Akamfelisha. Alitakiwa kurudia muhula mzima.

Nilienda Free Area kesho yake nikiwa na maneno tayari. Nilimwambia kwamba ule ulikuwa mtego, kwamba alimtumia mtu mzima kumdanganya mtoto, na kwamba Wairimu alikuwa ameonyesha adabu aliyofunzwa nyumbani.

"Ndiyo," alisema. "Umemlea vizuri mno."

"Hilo ni kosa?"

"Mwalimu, wagonjwa wake wengi watakuwa watu wazima. Wengine wazito, wenye mali, wenye kuzoea kutiiwa. Kila mmoja atamwambia, kanda tu. Heshima ya sebuleni akiiingiza kwenye chumba hiki, siku moja atamuua mtu kwa adabu." Akamimina chai, akatia sukari yake. "Mifupa anaijua. Shuka anakunja vizuri kuliko mimi. Kilichobaki ni kimoja, na hicho hukumfundisha wewe, wala mimi bado."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mwingine. Kwa miezi mitatu sikwenda kukandwa, na mgongo wangu ulinikumbusha. Wairimu alirudia muhula. Hakunung'unika mbele yangu. Mara ya pili mgonjwa alikuwa mzee mmoja mstaafu, mwenye mkongojo na matusi, na Wairimu alimkatalia hadi mwisho. Lakini aliponisimulia aliniuliza mara mbili kama mzee yule alikasirika kweli, nikajua kwamba jambo lenyewe halijakaa. Alikuwa amejua kuwa ni mtihani.

Alipata kazi Milimani, katika kliniki ya viungo, na amekuwa huko hadi leo. Mimi na Mkufunzi tulipatana bila kuombana msamaha, kwa njia ya walimu wa zamani: nilimpelekea viazi vya Molo, akanipangia siku ya mgongo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa miaka minne baada ya mtihani ule. Alikuwa amekwisha kufunga darasa, na sasa aliishi katika vyumba vilevile vya Free Area. Alikuwa ametoka tu kuugua homa ya mapafu, amelala kitandani wiki mbili, na mimi na Wairimu tulikwenda kumjulia hali siku ya Jumapili baada ya ibada. Tulimkuta ameketi, mguu wa kushoto juu ya kigoda, uso umepungua. Kinu kilikuwa kimezimwa. Tulikunywa chai. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote:

"Wairimu, mguu huu umenichosha. Nikande kidogo."

Sijui kama mwanafunzi yeyote aliwahi kuambiwa maneno hayo. Wairimu alipiga magoti, akainua leso iliyomfunika miguu. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye shavu la mguu mmoja, kisha la pili. Akatoa mkobani tepu ya kupimia, akapima yote mawili mahali palepale. Kisha akairudisha tepu na kuiweka mikono yake mapajani.

"Madam, sikandi."

"Kwani nimekuomba ukande mguu wa jirani? Ni wangu."

"Ni wako, Madam. Na sikandi. Twende hospitali saa hii."

"Ni uchovu wa kulala. Ninaujua mwili wangu. Na mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ndiyo, Madam."

"Basi kanda tu, mtoto wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeumwa, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Wairimu, mkande kidogo. Ni mwalimu wako."

Hakugeuka. "Hapana, Guka."

Kwa miaka yote niliyomlea hakuwahi kuniambia neno hilo. Alikuwa amekwisha kushika simu akiita teksi.

Daktari alisema damu ilikuwa imeganda katika mshipa wa mguu, na kwamba asingependa kufikiria ambavyo ingekuwa kama mguu ule ungekandwa. Hilo sikusimuliwa. Alilisema mbele yangu, kwa idhini ya mgonjwa, nami nilimwomba alirudie.

Siku ya tatu tulimtembelea wodini. Alikuwa na sindano ya dripu mkono wa kulia na sura yake ya ukali ilikuwa imerudi. Nilitaka kumpa heshima yake, nikasema, "Mwalimu, mtihani wako huu wa mwisho ulikuwa mgumu. Mimi mwenyewe nimeanguka."

"Mtihani upi?" aliuliza.

"Wa mguu."

"Sikuwa namjaribu mtu. Niliumwa, na nilitaka kukandwa." Akamgeukia Wairimu. "Miaka yote hii, siku moja tu, na mtoto ananinyima."

Wairimu akainamisha kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa.

Kisha Mkufunzi akanyoosha mkono wa kushoto juu ya blanketi, kiganja juu. "Huu hauna neno. Nimemuuliza daktari."

Wairimu alienda kwenye beseni akanawa, akajikausha kila kidole. Akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaufunika mkono ule kwa shuka hadi kwenye kifundo, na kuanza na kiganja. Nilikaa nikingoja. Nilikuwa nimesikia mara nyingi mno kilichofuata kila mwanafunzi alipogusa mtu mbele yake: polepole, tumia uzito wako si nguvu, kidole gumba kilale.

Mkufunzi alifumba macho. Hakumsahihisha.